Taa za Noah

Baba hakupiga simu kusalimia. Aliitikia shikamoo yangu kwa marahaba ya haraka, kisha akaniuliza kama balbu za LED zinafaa kwenye ukungu. Nilidhani anatania. Baba ni mtu wa viazi na mahindi, na tangu apate gari, maswali yake kwangu yamekuwa ya bima na leseni ya kubeba abiria. Nikamwambia nitaangalia. Alinyamaza kidogo, halafu ndipo akasema: "Leo nusura niue mtu."

Huwa anatoka Mundindi saa 10 alfajiri na abiria saba. Wengine wanakwenda hospitali Njombe, wengine wanaunganisha hadi Makambako kupanda mabasi ya Dar es Salaam na Mbeya. Siku hiyo ukungu ulikuwa umelala kwenye barabara ya zege kati ya Mawengi na Lusitu. Lori lilikuja mbele yake na taa nyeupe kabisa, zile zinazotoa machozi, na kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili hakuona barabara wala ukingo. Alisikia kabla ya kuona: kioo cha pembeni cha kushoto kiligonga gunia. Mzee mmoja alikuwa anasukuma baiskeli yenye gunia la mkaa. Hakuanguka. Baba alishuka akitetemeka ili amwombe radhi, na yule mzee akamwambia "kamwene", kama vile wamekutana sokoni, akaendelea kusukuma baiskeli yake.

"Fundi anasema dawa ya moto ni moto," baba akamalizia. "Balbu mbili elfu 70. Wewe ndiye msomi. Ninunue au nisinunue?"

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu Makambako: jinsi kituo kidogo kwenye nyanda za baridi kilivyogeuka mji wa malori. Nina madaftari mawili yaliyojaa tani, mikataba na madaraja. Swali la baba lilinifanya niyapekue upya nikitafuta kitu ambacho sikuwahi kukitafuta. Watu wote hawa, miaka yote hii, walikuwa wanaona vipi usiku?

Lakini kwanza niseme Noah ilikotoka.

Sisi ni watu wa Liganga. Kwa msomaji ambaye jina hili amelisikia kwenye hotuba za bajeti tu, ni vilima wilayani Ludewa, mkoani Njombe, vyenye chuma kilichochanganyika na titani na vanadi. Makadirio yanayotajwa siku zote ni tani milioni 126. Wilaya hiyo hiyo ina Mchuchuma, kwenye makaa ya mawe tani milioni 428. Wapangwa walikuwa wahunzi wa chuma kabla ya mkoloni yeyote kufika. Wajerumani wakaja na ramani zao, Waingereza wakaja kupima katika miaka ya 1950, na mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, likatia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ili vyote viwili vichimbwe. Mashamba yakapimwa na kuthaminiwa. Kisha tukasubiri. Nilikuwa shule ya msingi mkataba uliposainiwa, na fidia ilipolipwa, mwaka 2023, nilikuwa chuo kikuu. Zililipwa zaidi ya shilingi bilioni 15 kwa wananchi wa Liganga na Mchuchuma, na katika miezi iliyofuata ungeweza kumjua aliyelipwa kwa kutazama uani kwake: mabati mapya, pikipiki, na kwetu Noah iliyotumika, imetoka Japani, ambayo kilomita zake sitaki kuzitaja. Kwa hiyo gari hili ni shamba. Baba akishika usukani anaendesha ekari za babu.

Sasa turudi usiku.

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, chini ya Ian Smith, walijitangazia uhuru wao. Zambia, iliyopata uhuru mwaka mmoja tu kabla, ilikuwa inategemea reli ya kusini kwa shaba yake na mafuta yake. Njia hiyo ilipogeuka mtego, malori yakaelekezwa Dar es Salaam. Barabara yaliyoikuta ilikuwa ya udongo kwa sehemu kubwa, vumbi kiangazi na tope masika, na mlima Kitonga njiani. Mapipa ya mafuta yalikwenda, shaba ikarudi. Waandishi wa Kiingereza wakaipachika jina la Njia ya Jehanamu. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia zilishirikiana na Waitaliano kuunda kampuni ya malori, Zambia-Tanzania Road Services, na malori ya Fiat na matrela yake yakawa yanapita Makambako mchana na usiku. Bomba la mafuta la TAZAMA lilifunguliwa mwaka 1968. Lami ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikatandikwa hadi mwisho mwaka 1975 na kuweka stesheni Makambako. Katikati ya miaka ya 1980 ikaja lami ya kwenda Songea, kwa fedha za Uingereza, nayo ikaanzia hapo hapo.

Haya yote yamo kwenye vitabu, na yamo kwenye sura yangu ya pili. Taa hazimo.

Zilikuwemo kwenye kinasa sauti changu, ila sikuzisikia. Mwaka jana nilizungumza na dereva mstaafu pale Makambako, mzee aliyeanza kama utingo kwenye malori ya Zambia. Mimi nilitaka mishahara na posho za safari. Yeye alitaka kunieleza walivyokuwa wakipishana usiku. Nimeisikiliza tena sehemu hiyo mara kadhaa, na aibu yangu ni kwamba ninajisikia nikisema "ndiyo, ndiyo" kwa sauti ya mtu anayengoja mzee arudi kwenye mada.

Anachosema ni hiki. Ukikutana na lori kwenye vumbi, unashusha taa. Halafu unawasha indiketa ya kulia. Hukati kona. Unamwambia mwenzako: mwili wa gari langu unaishia hapa. Naye anawasha ya kwake. Sasa kila mmoja ana nukta moja ya rangi ya chungwa ya kuikwepa, na mnapishana mkiwa mmeachana upana wa dirisha. Asiyeshusha taa, anasema mzee, walimjua, na habari zake zilifika Tunduma kabla yake.

Madereva wa malori bado wanafanya hivi. Ukisafiri usiku kwenye barabara yoyote ya Tanzania, utaiona ile indiketa ikipepesa mahali pasipo na njia ya kukunja. Kuna lugha nzima pale: fulu mara mbili kumwambia mwenzako kuna hatari au trafiki mbele, hazadi kumshukuru aliyekupisha. Haiko kwenye Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, au walau sikuiona nilipoisoma. Imepita kutoka kwa dereva kwenda kwa utingo, na kutoka kwa utingo aliyepata usukani kwenda kwa utingo wake.

Hao waliotengeneza taa zenyewe walichelewa kufika kwenye wazo hilo. Magari ya mwanzo yalitumia taa za kabaidi: maji yanadondokea kabaidi, gesi ya asetilini inatoka, inawaka. Kiswahili bado kinaikumbuka kwa neno karabai. Mwaka 1912 Cadillac ilitoa gari lenye mfumo kamili wa umeme, wa kuwashia injini na wa taa, na wengine wakafuata. Kabla ya hapo mlalamikaji alikuwa dereva asiyeona. Baada ya hapo mlalamikaji akawa yule anayekuja mbele. Ilipofika miaka ya 1920 wakapata balbu yenye nyuzi mbili ndani, moja ya mbali na moja ya chini, zile tunazoziita fulu na dimu. Mwaka 1957 Ulaya ikakubali dimu ya mshazari, inayomulika ukingo wa barabara mbali zaidi kuliko inavyomulika upande wa anayekuja. Halojeni ikaingia mwaka 1962, lakini balbu zake za kwanza zilikuwa na uzi mmoja. Mwaka 1971 ikapatikana H4, halojeni yenye nyuzi zote mbili. Mwanga uliongezwa, na karibu kila ulipoongezwa ilibidi wakae tena waulizane utaanguka wapi.

Noah ya baba inatumia H4 hiyo hiyo, wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Ukiichomoa na kuitazama kwa makini utaona chini ya uzi wa dimu kuna kibati kidogo kama kijiko. Kinauzuia mwanga usifike nusu ya chini ya rifrekta, kwa sababu mwanga unaogonga pale ungeruka juu, kwenye macho ya watu. Ukingo mmoja wa kijiko hicho umekatwa mshazari. Ndiyo maana ukisimamisha gari mbele ya ukuta unaona mstari: upande wa kulia umelala chini, upande wa kushoto unapanda kidogo. Kulia ni dereva anayekuja. Kushoto ni mzee na baiskeli yake. Japani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo mstari ule ulishuka bandarini ukiwa sahihi tayari.

Balbu ya LED ya kuchomeka, ile ya elfu 70, haina uzi. Ina vipande bapa vinavyotoa mwanga, na rifrekta ilikokotolewa kwa ajili ya uzi mwembamba uliokaa mahali pamoja. Vipande vikipishana na mahali hapo kwa milimita chache tu, mstari unavunjika na mwanga unamwagika kila upande. Kosa haliko kwenye LED yenyewe. Lexus ilitoa gari lenye dimu ya LED mwaka 2007, lakini taa nzima ilijengwa kwa ajili yake, kama BMW walivyofanya na zenoni mwaka 1991. Kosa ni kumvika mtu kiatu cha mwingine na kumwambia akimbie.

Kuhusu ukungu, fundi alikuwa na pendekezo la pili: balbu za manjano. Hapa hayuko peke yake. Ufaransa ililazimisha taa za manjano kwa sheria ya mwaka 1936 na haikuziacha hadi 1993, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba zinachosha macho kidogo na zinapenya ukungu. La macho linaweza kuwa na ukweli, kwani mwanga wenye bluu nyingi huumiza zaidi. La kupenya halisimami. Matone ya ukungu ni makubwa mno yakilinganishwa na mawimbi ya mwanga, hivyo yanarudisha rangi zote karibu sawa. Kinachosaidia ni taa kukaa chini na kulenga chini. Ukiongeza nguvu ya taa bila kuishusha, unachoongeza ni ule weupe unaokurudia usoni.

Nilimweleza baba haya kwa simu, kwa kirefu kuliko ilivyohitajika. Alisikiliza. Kisha akasema: "Sawa. Lakini wao wanaziweka."

Sikuwa na jibu, na sidhani kama nimelipata. Kushusha taa kunamsaidia mwenzako, na wewe unasaidiwa yeye akishusha. Wakiacha wote ila wewe, umebaki na heshima yako na macho yaliyopofuka. Na barabara ya leo si ile ya mzee wa malori. Katika miaka ya 1990 serikali ilizuia mabasi ya abiria kusafiri usiku kwa sababu ya ajali. Zuio hilo limeondolewa mwaka 2023, na sasa Makambako saa nane za usiku kuna watu wanakula chipsi stendi. Kwetu zege limebadili mambo zaidi. Zamani, kwenye udongo, Noah isingeweza kuzidi kilomita 30 kwa saa, na kwa mwendo huo hata taa hafifu ilitosha. Kwenye zege baba anakwenda 80 bila kuhisi. Hiyo ni mita 22 kila sekunde. Kabla mguu haujafika kwenye breki umeshamaliza mita 30, halafu ndipo gari linaanza kusimama, na zege limelowa. Mtu aliyevaa koti jeusi, dimu ya gari kama letu humwonyesha akiwa mita 50 hivi. Taa zake hazikupungua nguvu tulipopewa zege. Sisi ndio tulianza kuzikimbia.

Pasaka nilikwenda nyumbani, na Jumatatu jioni tukaenda wote kwa fundi, Njombe mjini. Ni kijana wa rika langu, na hakufurahi kuletewa mtoto wa chuo. Lakini alikubali tujaribu kabla ya kulipa. Tukaisimamisha Noah hatua kumi kutoka ukuta wa ua wake. Akaweka LED upande wa kulia, akaacha H4 upande wa kushoto.

Niseme ukweli, LED ilipendeza. Nyeupe, safi, hata mchanga chini ya ukuta ulihesabika. Ile ya kushoto ilionekana kama chai ya rangi. Lakini ya kushoto ilikuwa na mstari, umefifia lakini upo. Ya kulia haikuwa nao. Mwanga ulikuwa umepanda hadi kwenye bati.

Baba hakusema kitu. Alimwambia fundi aweke LED pande zote mbili, akaniambia nikae kwenye usukani, naye akatembea barabarani hadi akawa mbali, kiasi cha hatua 60, akageuka. Giza lilikuwa limeingia. Niliwasha dimu. Nikamwona ameweka mkono usoni.

"Weka indiketa ya kulia!" akapaza sauti.

"Nimeshaweka!"

"Weka!"

"Baba, inawaka!"

Alisimama pale kwa muda. Mimi nilikuwa naisikia indiketa ikigonga kwenye dashibodi, tiki, tiki, na nikamfikiria yule mzee wa Makambako ambaye sikumsikiliza. Baba akarudi taratibu, akikanyaga pembeni kwa sababu alikuwa haoni mbele, na alipofika dirishani akaangalia mwenyewe ile taa ndogo ya chungwa, akaigusa kwa kidole kama kuhakikisha ni ya moto.

"Toa," akamwambia fundi.

Hapo ndipo fundi, ambaye nilikuwa nimeshamhukumu moyoni, alipofanya kazi nzuri. Alichukua mita akapima: kwenye betri, injini ikiwa inanguruma, volti 13.8; kwenye balbu, 11.6. Volti mbili na zaidi zilikuwa zinapotelea kwenye waya za zamani na swichi iliyochoka. Halojeni haisamehi kitu hicho. Mwanga wake unashuka haraka kuliko volti, na kwa upungufu ule ulikuwa umepotea zaidi ya theluthi. Akavuta waya mpya nene kutoka kwenye betri, akaweka rilei mbili na fyuzi yake. Vioo vya taa, vilivyokuwa na rangi ya mafuta ya kupikia, akavisugua kwa msasa wa maji kisha akavipaka polishi. Akaweka H4 mpya mbili, za kawaida. Halafu akaniuliza gari huwa linabeba watu wangapi, na nilipomwambia saba akaenda kuita vijana wa gereji jirani waje wakae viti vya nyuma. Gari likijaa linainua pua, akasema, na taa ukizilenga likiwa tupu, kesho zinamulika ndege. Vijana wakakaa, wakicheka, na yeye akazungusha skrubu hadi mstari ukashuka pale alipopataka. Jumla elfu 65. Baba akalalamika kwamba ni karibu bei ile ile.

Nilipanda naye Jumatano, saa 10 alfajiri, nikirudi chuoni. Nilikaa mbele. Mwanga ulikuwa wa manjano kidogo, na kushoto uliona vizuri mfereji, majani, nguzo za ukingo. Tulipofika kwenye zege ukungu ulikuwepo, na baba alipunguza hadi 40. Mama mmoja aliyekuwa anawahi kliniki akasema kwa mwendo huu tutafika kesho. Baba akamwambia, "Tutafika, mama."

Mbele ya Lusitu lori likatokea, nyeupe tupu, ukungu wote ukawaka. Baba akashusha taa. Akaweka indiketa ya kulia. Akangoja. Akapiga fulu mara moja, akashusha tena. Lori halikubadili kitu. Alisogea kushoto hadi tairi ikaacha zege, akasimama kabisa, mguu kwenye breki, indiketa ikiendelea kugonga.

"Mbona tumesimama?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Tunamngoja apite," baba akasema.